Kiti cha Juu

Siku aliyorudi kazini baada ya likizo ya uzazi, mwendesha kreni aliishiwa pumzi kwenye jukwaa la pili la ngazi ya mnara. Alikumbatia chuma, jasho likimchuruzika hadi ndani ya glavu, huku saiti nzima imeinua shingo kumtazama. Hakuweza kuendelea. Alishuka taratibu, na chini akamkuta msimamizi wa ujenzi amejishika kiuno.

Kwa upole wa kuudhi, msimamizi alimweleza kwamba uzazi ni jambo la heri, kwamba stoo kunahitajika mtu wa kugawa kofia na glavu, na kwamba kiti cha kreni kitakaliwa na shemeji yake yeye msimamizi, kijana mwenye mapafu yake. Mama Pacha, kama walivyomwita tangu ajifungue, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kanuni inasema mwendeshaji apande mwenyewe, bosi," alijibu. "Haisemi asiwe mama."

Mafundi walikuwa wakisikiliza, na msimamizi akaona haya kukataa waziwazi. Akatoa ahadi mbele yao: siku ya kumwaga zege la paa, Mama Pacha akifika juu bila kusaidiwa, kiti ni chake. Asipofika, ashike hamsini zake huko stoo. Kabla ya siku hiyo, asiiguse ngazi ya mnara.

Basi akazigeukia ngazi za jengo lenyewe, zilizojaa vumbi na harufu ya saruji mbichi. Asubuhi kabla ya kazi ya stoo, na mchana wenzake walipofungua vyombo vya chakula, alipanda hadi ghorofa ya mwisho iliyokwisha kujengwa, akashuka, akapanda tena. Mafundi walimuuliza huko juu kila siku anasahau nini. Mmoja alimshauri awabebe na pacha, mmoja kila bega, asije akapinda upande.

Nyumbani mumewe, kwa huruma, alimwomba siku moja apumzike, ataendelea kesho. Alikubali. Kesho hiyo ikazaa kesho nyingine, na aliporudi ngazini mapaja yalimlaumu kama watu waliodhulumiwa. Tangu hapo hakujiuliza tena kama anajisikia kupanda. Alijiuliza tu viatu viko wapi.

Hata hivyo kulikuwa na jambo lililomla moyo. Majuma yalipita, naye kila afikapo juu alikuwa akihema vilevile. Mchana mmoja aliketi juu ya rundo la matofali, akamwambia fundi nondo aliyekuwa akifunga vyuma hapo kwamba mwili wake umegoma na kwamba labda msimamizi alisema kweli.

Fundi nondo aliendelea kukaza waya kwa koleo lake. "Unahema juu ipi, dada?"

"Hapa. Juu kabisa."

"Hapa juma lililopita palikuwa hewa tupu. Sisi tunaongeza ghorofa, wewe unapanda nazo. Ukitaka kuhema kidogo, tuombe tuache kujenga."

Mama Pacha alichungulia ukingoni, akaitazama ghorofa aliyokuwa akikomea hapo mwanzo. Ilikuwa chini, mbali. Alijifunga upya kamba za viatu, akashuka ili apande.

Siku ya zege la paa ikafika. Malori yalijipanga langoni, mapipa yakizunguka. Mama Pacha alishika ngazi ya mnara, miguu ikisukuma, mikono ikishikilia tu. Jukwaa la pili alilipita bila kulisalimu. Alipofika kibandani alikuwa akihema kweli, lakini alikuwa ameketi kitini.

Redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya msimamizi: amefurahi sana, pongezi nyingi, sasa ashuke ili shemeji apande, kwa kuwa leo si siku ya majaribio.

Damu ilimchemka. Akabonyeza kitufe.

"Uliahidi mbele ya watu."

"Mimi ndiye msimamizi hapa. Shuka."

"Sishuki. Nimekuja huku kwa miguu yangu. Ukitaka nishuke, panda unishushe."

Kutoka juu alimwona msimamizi akiisogelea ngazi na kuweka mguu kwenye kipago cha kwanza. Aliinua macho, akautazama mnara mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akaurudisha mguu chini. Shemeji alikuwa ametia mikono mifukoni, akiwatazama madereva wa malori kana kwamba ugomvi ule ni wa ukoo mwingine. Mafundi walisimama na makoleo yao, hakuna aliyesogea kumwokotea bosi kofia.

Zege lilikuwa likizunguka, na zege halina subira. Fundi nondo alikwenda mwenyewe kwenye ndoo kubwa ya zege, akaifunga kwenye kulabu, akachukua redio ya mwenzake.

"Mama Pacha, ndoo tayari."

"Kaeni kando," alijibu, akavuta wenzo wa kreni. Ndoo ikaachana na ardhi.