Alichokalia Mama Mita

Jumatatu saa nane na nusu mchana, duka la vitambaa likiwa na wateja wawili tu, na mmoja wao ni wa kushikashika bila kununua, Mama Mita alikaa juu ya jora la kitambaa cha pazia. Alikaa kwa muda wa kukata mita nne, si zaidi. Meneja akatokea nyuma ya rafu ya mashuka, akafungua daftari na kujaza safu zake tatu: jina, saa, alichokalia. Kisha akamwita mtu aliondoe lile jora, kwa sababu ndivyo utaratibu ulivyotaka. Kitu kilichokaliwa huondolewa sehemu hiyo.

Mara ya kwanza, miezi mitatu nyuma, safu ya tatu ilikuwa imeandikwa "ndoo", na ndoo ikahamishiwa stoo. Sasa jora la pazia. Mara ya tatu mhudumu hupewa bahasha yake na kwenda nyumbani moja kwa moja, na Mama Mita hakujua kazi nyingine zaidi ya kupima vitambaa. Jina lenyewe la Mama Mita alipewa na fimbo yake ya kupimia.

"Mama Mita," meneja alisema kwa upole, maana alikuwa mtu mpole kweli, "mteja akimkuta mhudumu amekaa, anaona duka limelala."

"Nimekusikia, bosi."

Wahudumu walikuwa wanane, na walisimama kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kiti kilikuwepo. Kilikuwa karibu na mlango, kizuri, chenye mto, na kadi iliyobandikwa mgongoni: MTEJA TU. Mama Mita alikuwa amekipangusa vumbi kila asubuhi kwa miaka kumi na sita, na bado hakujua mto wake unabonyea kiasi gani.

Jioni ile miguu ilimjaa hadi vifundo vikapotea. Mdogo wake, ambaye walipanga pamoja vyumba viwili na jiko, alimtengea beseni la maji ya chumvi kama kawaida. Huyu mdogo mtu aliuza viatu pembeni mwa barabara, juu ya meza ya kukunja: viatu vyeusi vya plastiki, vya kazi, vinavyong'aa sana siku ya kwanza. Kila miezi sita alimpa dada yake jozi mpya kwa bei ya ndugu.

"Jozi thelathini na mbili nimekuvisha," alisema. "Viatu havina kosa, dada. Ni umri huo."

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," Mama Mita akajibu, na akaongeza chumvi.

Kesho yake alipotoka kazini hakwenda nyumbani. Aliingia kwa fundi viatu, jirani na duka la dawa, ambaye dirishani mwake palikuwa na jozi moja tu kwa miaka minne. Ilikuwa ya ngozi ya kahawia, soli nene, kamba ndefu, na haikuwa na urembo wowote. Bei yake ilikuwa mshahara wa mwezi na nusu. Fundi hakuupima mguu. Aliuliza anasimama saa ngapi kwa siku, na kwa miaka mingapi, akapiga hesabu kwenye kipande cha ngozi na kutikisa kichwa.

"Wanaotaka urembo nawaelekeza kwingine," alisema. "Hivi havibebi mguu, mama. Vinambeba mtu."

"Punguza kidogo basi."

"Nikipunguza bei itabidi nipunguze na soli."

Mama Mita alikuwa na akiba ya godoro jipya, kwa sababu la zamani lilikuwa limebaki kitambaa na matumaini. Akaitoa yote. Fundi alipokuwa akifunga boksi alisema rahisi huvunja upishi, akashauri kamba zisikazwe sana siku ya kwanza. Nyumbani mdogo wake aliviangalia viatu vile upande huu na upande ule, akavinusa, akavibonyeza kwa kidole gumba cha kitaalamu.

"Godoro zima umelivaa miguuni," alisema, akaenda kulala.

Jumatano saa nne asubuhi Mama Mita aligundua kwamba hasikii tena miguu yake. Saa sita akapita Mkasi na ufagio. Mkasi alikuwa mwenzake wa meza ya pili, aliyeitwa hivyo kwa kukata vitambaa kwa mkono na watu kwa mdomo.

"Mama Mita, nyanyua mguu nifagie. Ah, umeshanyanyua."

Akafagia chini ya soli zote mbili na kuendelea hadi kwenye kaunta. Hapo akasimama, akarudi, akapitisha ufagio mara ya pili polepole. Kati ya soli na sakafu palikuwa na nafasi ya kidole kimoja. Mkasi akaanza kucheka na Mama Mita akacheka pia, wakacheka hadi mteja akasahau alitaka rangi gani.

"Unajisikiaje?"

"Kama nimetua mzigo. Na mimi siku zote nilidhani ndio mwili wangu."

Alhamisi nafasi ilifika shibiri. Ijumaa Mama Mita alikuwa ameshajua utaratibu wake: akikaza kamba anapanda, akilegeza anashuka, na akitaka kwenda pembeni anajisukuma kwa fimbo ya mita. Siku hiyo mteja mmoja aliomba mahameli ya zambarau, iliyokaa rafu ya juu kabisa tangu mwaka juzi kwa kuwa ngazi ilikuwa na vipandio viwili vibovu. Mama Mita akakaza kamba, akapanda, akaishusha begani. Mteja aliuliza kama ipo na ya kijani. Akapanda tena, na safari hii alipanda akiimba.

Saa kumi na mbili na nusu alifika nyumbani na kukuta beseni tayari.

"Mwaga hayo maji," alimwambia mdogo wake. "Twende tukatembee."

"Kwenda wapi?"

"Hatuendi popote."

Walikuwa hawajatembea bila kutumwa tangu walipokuwa wasichana. Walipita kwenye duka la mikate, wakazunguka uzio wa uwanja wa mpira, wakafika mpaka darajani na kutazama maji yakipita kando ya jiwe moja kubwa. Mdogo mtu alimshika mwenzake mkono wa blauzi, upepo usije ukamchukua. Walikumbushana mwalimu wao wa hesabu na mchumba mmoja ambaye hakuna aliyemtaka, na kurudi walipita njia ndefu makusudi. Mama Mita alikuwa na furaha, na hilo halihitaji kupambwa. Kuanzia siku hiyo walikwenda kila jioni, mvua au jua.

Jumapili mdogo mtu aliviomba viatu avijaribu. Alipanda taratibu katikati ya jiko mpaka akagusa balbu.

"Umeonaje?" Mama Mita akauliza kutoka chini.

"Nimeona vumbi juu ya kabati. Hujawahi kupangusa huku."

"Na viatu?"

"Viatu ni viatu kweli," alikiri, akilegeza kamba.

"Sasa utaacha kuuza vile vya plastiki?"

"Niuze nini? Mimi nauza kile mtu anachoweza kununua siku kiatu chake kinapokatika." Akavivua, akaweka pasi ya mkaa juu yake, kwa sababu vikiachwa bila uzito vilikuwa na tabia ya kupanda darini.

Wiki iliyofuata duka lilijaa. Watu walikuja kutoka mitaa mingine, na kila mmoja alitaka kitambaa cha juu, hata kama kile kile kipo chini. Satini ziliisha na mahameli ikaagizwa upya. Wahudumu wengine walimrushia Mama Mita majora naye akayadaka, na Mkasi akawa anatangaza kutoka mezani kama mtangazaji wa mpira. Meneja alimsifia mbele ya wateja wote. Kisha akaiuza ngazi.

Jambo moja tu lilibaki, na Mama Mita hakulisahau hata akiwa juu vipi: mistari miwili ya daftari ilishaandikwa jina lake, na wa tatu ulikuwa ukimsubiri. Kwa hiyo alielea na magoti yaliyonyooka, kwa muda wa saa kumi kila siku.

Alhamisi ya wiki ya tatu, saa nane na nusu mchana, akiwa kwenye rafu ya mahameli, alijisahau. Kulikuwa na joto zuri karibu na dari. Alikuwa akisubiri mteja aamue kati ya zambarau na kijani, na mteja alikuwa wa kuamua polepole. Magoti yakakunjika yenyewe, mgongo ukalegea, na Mama Mita akakaa hewani, mguu juu ya mguu.

Meneja alikuja chini yake na kuangalia juu. Akafungua daftari, akaandika jina, akaandika saa. Kwenye safu ya tatu kalamu ikasimama.

"Amekaa," alisema.

"Amekaa juu ya nini?" Mkasi akauliza.

Meneja alizunguka ili aone kwa upande wa pili. Jora la karibu kabisa lilikuwa mbali naye kwa mkono mzima. Aliomba fimbo ya mita, akaipitisha chini ya Mama Mita kutoka kushoto hadi kulia, na haikugonga kitu. Alikuwa mtu wa utaratibu, hakuweza kuacha safu wazi, wala hakuona namna ya kuihamishia hewa stoo. Akampigia simu mwenye duka na kufungua spika ili asije akaambiwa kesho kwamba amebuni.

"Amekalia nini?" sauti ya mwenye duka iliuliza.

"Hakuna kitu, mzee."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimepitisha fimbo."

Juu kule Mama Mita alishika kamba za viatu vyake kwa mikono miwili, na moyo ulimdunda hadi akahisi unamsukuma darini.

"Sasa kama hakuna alichokalia, amekaaje?" mwenye duka alisema. "Hajakaa. Futa."

Meneja akafuta. Mkasi alipiga meza kwa mkasi wake, wateja wakapiga makofi, na mteja wa mahameli akachukua rangi zote mbili. Mama Mita alilia kwa furaha na machozi yakadondokea kwenye kaunta, ambako mtu alihamisha satini haraka isije ikaingia doa.

"Subiri," sauti ya simu ikasema. "Kwani hachoki kabisa?"

"Hachoki, mzee," meneja akajibu, kwa kuwa alikuwa pia mkweli. "Jioni anashuka akiimba."

"Basi kwa nini tunafunga saa kumi na mbili?"

Jumatatu tangazo lilibandikwa ukutani, juu kidogo ya kiti cha mteja. Duka litafungwa saa mbili usiku. Kila mhudumu awe na viatu vya aina ile kufikia mwisho wa mwezi, kwa gharama zake mwenyewe. Wakiwa hewani magoti yanyooke, kwa kuwa kukaa hata bila kitu hakupendezi machoni pa mteja.

"Bosi," Mkasi alisema, "kwa bei ya kiatu kimoja tu, cha kushoto, tungenunua viti vinane."

"Viti vya nini tena," meneja aliuliza kwa upole, "wakati hamtachoka?"

Mkasi aliuza televisheni yake. Mwingine aliuza cherehani. Wawili walichanga wakanunua jozi moja kwa pamoja, kila mtu mguu wake, wakawa wanaelea wakiwa wameegemea upande, na meneja akawapanga kwenye kona ambako ukuta uliwasaidia. Fundi viatu aliajiri fundi wa pili. Mdogo wake Mama Mita, aliyekuwa akiwauzia viatu na wahudumu wengine, alipoteza wateja saba kwa mwezi mmoja na hakumlaumu mtu. Wahudumu wote walikubali kwamba viatu ni vizuri, hata kuliko walivyosimuliwa, na wengine walicheka siku nzima ya kwanza. Chini, karibu na mlango, Mama Mita aliendelea kukipangusa kile kiti kila asubuhi kabla ya kukaza kamba.

Siku ya kwanza ya saa mpya alifika nyumbani saa mbili na nusu usiku. Kandambili za mdogo wake zilikuwa mlangoni zimetazamana, na kando yake viatu vya plastiki vyenye tope la darajani. Mdogo mtu alikuwa ameshanawa na ameshafunga kichwa kitambaa cha kulalia.

"Nilikungoja," alisema. "Giza likaingia, nikaenda peke yangu. Leo maji yamejaa."

"Yamefika wapi?"

"Kwenye lile jiwe letu." Akamtazama dada yake, ambaye alikuwa bado anaelea kizingitini. "Niambie ukweli, dada. Vina thamani yake?"

"Vina thamani yake," Mama Mita alisema. "Kila senti."

Mdogo mtu akaitikia kwa kichwa na kwenda kulala, kwa sababu meza yake ilifunguliwa alfajiri. Mama Mita akalegeza kamba na kushuka, akavivua viatu, akaviwekea pasi juu. Kisha akakaa kwenye kiti cha jikoni, maana nyumbani hapakuwa na daftari. Miguu haikumuuma hata kidogo. Ilikuwa myepesi, na chini ya meza ilianza kusogea yenyewe kuelekea mlangoni, kama inayodai matembezi ya jioni, kwanza kisigino, halafu vidole. Akayashika magoti kwa mikono miwili mpaka ikatulia, kisha akaenda kulala kwenye godoro lake la zamani.