Tutaona ya Mama

Peiwen alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya usimamizi wa sanaa na utamaduni, Taipei, na darasa zima lilijua wimbo wake ni mmoja: kulifufua kundi la opera la mama yake.

"Daktari wa maiti," Chihao, mwanafunzi mwenzake, humtania, "mgonjwa wako kaamka leo?"

Peiwen hucheka tu. Tasnifu yake ilikuwa imeiva. Kundi la Mwezi wa Vuli lilikufa Peiwen akiwa mtoto kwa sababu serikali ililitelekeza, naye angelirudisha. Ukumbi alikwisha kuupata, na mama mwenyewe angeimba mwezi wa tano.

Jumatano moja Profesa Chuang, msimamizi wake, akaleta mgeni darasani, Bwana Yeh, ofisa mstaafu wa utamaduni kutoka Yilan.

"Kosa langu kubwa kazini," alisema yule mzee, "ni kudhani kila msanii anataka kuokolewa. Palikuwa na kundi moja, Mwezi wa Vuli. Tuliwapa jukwaa la kudumu, mishahara, kila kitu. Siku ya kutia sahihi, kiongozi wao, mwanamama aliyekuwa akiigiza wafalme, akasimama. Akasema, 'Mimi nalivunja kundi. Sitaimba tena, hata bafuni.'"

Darasa likaangua kicheko. Chihao akageuka amtazame Peiwen, kicheko kikamfia mdomoni.

Peiwen alikuwa mweupe kama karatasi. "Una hakika ni yeye? Si serikali?"

"Binti, nilimbembeleza mpaka nikapiga magoti."

Peiwen hakungoja kipindi kiishe. Alipanda treni ya Yilan akiwa amesahau koti darasani, na njia nzima hakuona hata bahari ikipita dirishani.

Mama yake alikuwa kibandani kwake karibu na stesheni, akigeuza chapati za vitunguu majani.

"We! Leo si una masomo? Hebu kaa ule, umekonda."

"Mama, nani alilivunja kundi?"

Mwiko ukasimama. "Nani kakwambia?"

"Bwana Yeh."

"Kumbe bado yu hai, yule king'ang'anizi!" Mama akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi."

"Lakini mlisema serikali..."

"Walisema shangazi zako. Mimi nilinyamaza."

"Ulikuwa unapenda kuimba! Watu walikuwa wanalia!"

"Watu, ndiyo." Mama akapunguza moto. "Nilikuwa na miaka saba baba yangu aliponikabidhi kwa mwenye kundi, kwa mkataba, kama mbuzi. Nikikosea neno, fimbo. Nikilala kabla ya mazoezi kwisha, maji ya baridi. Mkataba ulipokwisha sikujua kazi nyingine, nikabaki mpaka kundi likawa mikononi mwangu. Huyo Yeh ndiye mtu wa kwanza kuniuliza nataka nini. Basi nikamjibu."

 Miaka yote Peiwen alikuwa akilala na sauti ya mama yake masikioni, kanda ya zamani ya mfalme akiomboleza, akiona hakuna kitu kitamu kama kile. Sasa aliisikia upya.

"Mbona hukuniambia? Nimeshatangaza, mama! Watu wameshanunua tiketi!"

"Nilikwambia 'tutaona.'"

"Nikadhani umekubali!"

"'Tutaona' ya mama yako ni hapana. Umekaa Taipei mno wewe."

Mteja akaja, akataka mbili zenye pilipili. Mama akamhudumia kwa utani kama kawaida. Peiwen akasogea pembeni, akaupigia simu ukumbi. Akasema: "Mwimbaji hataki."

Aliporudi mama alimsukumia fungu la vitunguu na kisu. Akakata vipande vikubwa vikubwa. Mama hakuvisema vibaya.

Wiki iliyofuata alimwambia Profesa Chuang kwamba tasnifu haipo tena.

"Haipo? Imebaki miezi mitatu! Sasa una nini?"

"Sijui bado," alijibu Peiwen. "Nataka kwanza niwaulize wengine waliokuwa kwenye kundi. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumuuliza."