Mtungi Uliokubali Mshumaa

Mdogo wangu Nkwabi alikuwa bado anagonga bomba lililoshuka shimoni. Tangu asubuhi, maji ya mvua yalipoingia kwenye duara, shimo letu la machimbo, alikuwa amenasa kwenye njia ya pembeni iliyopanda juu kidogo, na kati yetu na yeye kulikuwa na mita kumi na tano za maji ya tope. Pampu mbili zilivuta, maji hayashuki. Zimamoto walikuwa wamekwama ng'ambo ya daraja lililokatika.

Pantaleo, mzamiaji aliyetoka kwenye visiwa vya ziwani, alikubali kumfuata. Alichokosa ni hewa tu. Mwigulu, mwenye duara, akaleta mitungi miwili ya kuzamia aliyoichukua kwa muuza vyuma chakavu wa Kahama, upande wetu wa daraja, akaibwaga miguuni pangu kana kwamba ameleta kreti za soda. Niliwahi kujaza mitungi ya namna hiyo Mwanza kwa miaka mitatu, kwa hiyo watu wote walinikodolea macho mimi.

"Kagua upesi, Herman," Mwigulu alisema.

Mtungi wa kwanza ulikuwa wa chuma, umejaa, na tarehe ya kupimwa iliyogongwa shingoni ilikuwa ya miaka kumi na minne nyuma. Nikafungua valvu kidogo na kunusa. Haukuwa na harufu yoyote. Nikajaza hewa yake kwenye ndoo, nikateremsha mshumaa ndani, ukazimika. Nikarudia, ukazimika tena. Kutu ya ndani ilikuwa imeimaliza oksijeni taratibu, mwaka baada ya mwaka. Mtu akiivuta hewa hiyo anapoteza fahamu hata kabla hajashtuka.

Kwenye hewa ya mtungi wa pili mshumaa ukawaka vizuri. Wachimbaji wakashusha pumzi. Hapa kwetu hakuna anayeshuka shimoni kabla ya kutanguliza mshumaa; ukiwaka, mtu anashuka. Pantaleo akaanza kuvaa.

Mimi sikutulia. Niliachia hewa ile kwenye leso nyeupe, ikaacha doa la njano lenye harufu ya moshi.

"Huu umejazwa lini?"

"Jana," Mwigulu alijibu. "Muuzaji alikuwa anaijaribu kompresa yake ya dizeli."

"Wapi?"

"Ndani ya banda, mvua ilikuwa inanyesha."

"Basi imenyonya moshi wake yenyewe."

"Mshumaa umewaka, Herman. Wote tumeona."

"Mshumaa hauna damu, bosi. Moshi wa injini hauzimi moto, unaingia kwenye damu na kuua mtu. Na huko chini ya maji, makali yake yanazidi."

Hosiana, mke wa Nkwabi, alikuwa amechuchumaa kando ya bomba, ameliwekea sikio. "Shemeji," aliniambia, "anagonga polepole sasa."

Nilikaa chini, nikatia kipumulio mdomoni, nikaanza kuivuta hewa ile mwenyewe. Sitaki kujifanya shujaa. Nilitaka kukosea. Nilivuta huku nikimwomba Mungu nisisikie kitu, nisimame nimwambie Pantaleo aende.

Dakika ya nane kichwa kikaanza kugonga kwenye paji la uso. Dakika ya kumi na mbili nikageuka pembeni nikatapika maji matupu. Sikuwa nimekula tangu jana. Ningeweza kabisa kusema ni njaa, na Mwigulu alikuwa ananiangalia akisubiri niseme hivyo hivyo.

Pantaleo akaniinamia. Alikuwa ameshafunga kiunoni mkanda wa vipande vya risasi vya kumzamisha. "Kaka, wewe ndiye unayejua. Nikizama?"

Nilimchukia kwa kuniuliza. Angezama bila kuuliza, lawama isingekuwa yangu.

"Vua," nikasema. "Ukizama tutakuwa na maiti mbili."

Alivua mkanda. Mwigulu akatukana, akaupiga mtungi teke, kisha akaondoka kwenda kuzifokea pampu. Nilingoja Hosiana alie au anirukie. Hakufanya hivyo. Alinyanyuka, akatoa simu iliyokuwa inaita ndani ya khanga yake, akanipa.

"Mama yenu anapiga kutoka Mhunze tangu saa nne. Mimi nimeshindwa kupokea. Ongea naye wewe."

Nikapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Nkwabi yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Basi mnangoja nini?"