Waitikiaji Watano

Santuri zangu ishirini na moja zilikuwa zimeanikwa juu ya bati la banda la kuku, zimepangwa safu tatu kama mikate ya mofa, zinametameta maji. Nilikuwa natoka msikitini adhuhuri, saumu imenikausha, jua limesimama utosini. Pale chini, Swabra, mjukuu wa marehemu dada yangu, alikuwa na povu mpaka viwikoni. Mwenzake Dancun, mtoto wa wapangaji wa mlango wa pili, alikuwa ameshika brashi ya nguo.

"Babu, tumekuoshea za sikukuu!"

Ilikuwa siku ya mwisho wa Ramadhani, mwaka juzi. Kwetu Mishomoroni siku hiyo hakibaki kitu ndani. Mikeka, mapazia, masufuria, hata saa ya ukutani hutolewa ikafutwa. Watoto wale waliliona sanduku langu la santuri limeachwa peke yake pembeni, wakalionea huruma.

Sikupiga kelele. Kelele inataka nguvu. Niliinua ya kwanza, ikalala mkononi mwangu laini kama kipande cha ngozi, ukingo umening'inia. Santuri za zamani haziwezi jua la saa saba. Halafu nikaona kibaya zaidi: katikati, pale penye karatasi ya jina la wimbo na waimbaji, palikuwa peupe. Nikaangalia ya pili, ya tatu. Zote.

"Karatasi ziko wapi?"

"Zilikuwa chafu, babu," Swabra akasema, sauti imeanza kushuka. "Tumezibandua."

Moja kati ya zile ishirini na moja ilikuwa na mamangu ndani.

Mamangu hakuwa mwimbaji. Alikuwa mwitikiaji wa nyimbo za harusi, yeye na wenzake wanne, wakikaa nyuma ya bi mkubwa mmoja aliyekuwa na koo la kualikwa mpaka Lamu. Nilikuwa na miaka kumi alipokuja mfanyabiashara na mashine yake ya kunasa sauti, akawakusanya katika ukumbi wa nyumba moja hapa Kisauni, madirisha yamezibwa kwa magodoro. Kila mmoja alipewa nakala. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nikaaga kwenda Tanga kwa wiki mbili, mamangu akaitia yake kwenye kikapu changu. Sijui alijuaje kwamba wiki mbili zangu hazingekwisha.

Tanga, Bukoba, Kampala, juu ya malori mpaka Juba. Nimeuza chumvi, nimepika hotelini, nimepaka rangi meli, nimesoma madarasa mawili hapa na moja kule. Gramafoni niliipata Kampala kwa Mgoa aliyekuwa akihama. Niliipiga ile santuri ya mamangu mpaka nikaanza kusikia mchakacho uliokuwa haupo. Sindano ya chuma kila ikipita inakula kidogo. Basi nikaifunga kwenye kanga, nikajiambia nitaipiga nikifika nyumbani. Barua ya kifo chake ilinikuta nimerudi Bukoba, hitma imeshasomwa. Nikaendelea kuifunga. Miaka thelathini na zaidi nilibeba sauti ya mamangu bila kuisikia, na hilo nililiita kuitunza.

Nilipochoka kabisa nikaja kwa Mwanaima, binti wa dada yangu na mamake Swabra, na begi moja na sanduku moja. Watoto walianza kunijia kwa sababu ya gramafoni. Dancun, siku ya kwanza, alinitazama nikizungusha mkono wa mashine pembeni.

"Wee, hii inapigwa stata kama jenereta! Babu, inakula stima ngapi?"

"Haili stima. Inakula mkono wako. Njoo uzungushe."

Akazungusha. Sauti ya mtu aliyekufa zamani ikatoka kwenye tarumbeta ya mashine, naye akaruka nyuma. Swabra akamcheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila Ijumaa jioni walikuwa mlangoni kwangu. Niliwafundisha kushika santuri kwa kingo, na kuisikiliza kamani, ile springi ya ndani, inapojaa wasije wakaikata. Kitu kimoja tu niliwanyima. "Na hiyo ya kwenye kanga, babu?" "Hiyo bado." Sikuwaambia ni ya nani. Kwa hiyo siku ya kuosha waliifungua, wakaiosha kama nyingine.

Alasiri ile nilitia nguo begini. Mkono unajua wenyewe kukunja. Mwanaima akaja akasimama mlangoni, unga wa mahamri mikononi.

"Waenda wapi?"

"Natazama tu."

"Mjomba, ukiondoka leo usisingizie santuri. Sema ni miguu yako." Akasubiri. Nikakunja kanzu nyingine, naye akaongeza, "Mtoto yuko uvunguni tangu saa nane. Anasema umemchukia. Mimi simtoi. Umtoe wewe."

Nilipiga magoti, magoti yangu haya, nikachungulia uvunguni.

"Swabra."

"Abee." Sauti ya kilio kilichokauka.

"Nenda kamwombe mamako kioo cha meza. Na kile cha kabati. Tuna kazi."

Santuri iliyopindwa na jua, jua hilo hilo huinyoosha ukijua kulipima. Unailaza katikati ya vioo viwili, unaiweka kwenye jua la asubuhi, si la mchana, mpaka ilegee. Halafu unaiingiza kivulini juu yake kuna uzito, ipoe taratibu. Tulianza asubuhi ya Idi baada ya sala, Swabra akiwa na nguo mpya na Dancun akiwa amekuja kufuata mahamri. Uzito ulikuwa jiwe la kusagia. Mbili zilipasuka. Nyingine zilikubali, ingawa si sawasawa.

Idi pili, baada ya chakula, niliwaambia ile ya kwenye kanga ni ya nani, tukaanza kumtafuta mamangu. Hapakuwa na njia nyingine ila kuzipiga zote. Sindano zangu za miaka mitano zilikwenda mchana ule. Nyimbo ziliyumba, zikipanda na kushuka kama mtu anayeimba ndani ya gari bovu. Ya kwanza siyo. Ya tano siyo. Dancun alibadilisha mkono wa kuzungushia. Kila moja ikianza Swabra alinitazama usoni, asiitazame mashine.

Ya kumi na nne ilianza kwa ngoma ndogo, kisha bi mkubwa, kisha wale nyuma.

"Ndiyo hii," nikasema.

Wakasogea. "Bibi yupi?" Swabra akauliza.

Nikasikiliza. Sauti tano, zikija pamoja, zikiondoka pamoja. Nikainamisha sikio kwenye tarumbeta. Nilingoja kifua kinishtuke, kama nilivyodhani kitashtuka. Walikuwa wanawake watano nisiowajua.

"Babu, yupi?"

"Sijui," nikasema. "Wallahi sijui tena."

Dancun akaacha kuzungusha. Mwanaima alikuwa amesimama mlangoni, sufuria mkononi, sijui tangu lini. Alikuwa na miaka kumi bibi yake, mamangu, alipofariki.

"Huyo wa mwisho," akasema. "Wenzake wakinyamaza yeye bado yuavuta. Msikilizeni. Ndivyo alivyokuwa akituita kula."

"Akiita vipi?" nikamwuliza.

"Mjomba nawe!" Akaona haya, akacheka. Kisha akaweka sufuria chini, akatazama nje uani kana kwamba kuna mtu huko, akaita, "Swabraaa!" mwisho wa jina ukipanda kidogo kabla haujakatika.

"Abee!" Swabra akaitikia, naye yupo hapo hapo ubavuni kwangu.

Watoto wakaangua kicheko. Kamani ikaisha nguvu, santuri ikapunguza mwendo mpaka ikasimama, sindano juu yake, wala hakuna aliyeiinua.

"Ita tena," nikamwambia Mwanaima.