Jumapili Steringi Alipokufa

Picha ilikuwa ile ile ya kauboi, na watu walikuwa wale wale. Katika kibanda cha video cha Rodgers, nyuma ya soko la Machakos, hakuna aliyelipa kiingilio ili ajue nani atamshinda nani. Hayo waliyajua kama walivyojua njia ya kwenda chooni. Walikuja kumsikia Kisilu. Mzee huyo alikaa kando ya televisheni na maikrofoni yake, akawazima sauti Wazungu wote, kisha akawasemea yeye. Mji ule wa jangwani wenye baa moja na kanisa moja, kwake ulikuwa Mwala. Mto wake ulikuwa Athi. Adui mkuu, yule mwenye sharubu, wiki hii angekuwa mwizi wa mbuzi na wiki ijayo angekuwa karani aliyeuza shamba moja kwa watu watatu. Farasi naye alipewa jina jipya kila Jumapili, na walikuwepo wanaume wazima, na ndevu zao, waliotoka Masii kuja kusikia tu leo farasi anaitwa nani.

Picha hiyo ilikuwa na ila moja: steringi, yule shujaa wa picha, anakufa. Sasa, mtu yeyote aliyewahi kukalia benchi la kibanda cha video anajua kwamba steringi hafi. Atapigwa risasi saba, ataburutwa na farasi, ataanguka kutoka juu ya paa la baa, na bado ataamka ajipanguse vumbi. Huyu alikufa, tena kwa risasi ya mgongoni, akimnywesha farasi wake maji. Zamani Kisilu aliisimulia sehemu hiyo hadi wauza mboga wakaacha sukuma zao na kuja kulia dirishani. Ndiyo iliyompa jina mjini.

Kisha mwanawe Mulwa, mwendesha bodaboda, akapigwa risasi kule Kinanie na watu waliotaka pikipiki. Mgongoni vilevile. Mji mzima ulikuwa umemzoea kijana huyo kwa jina la Steringi, kwa sababu ya baba yake, na kwa sababu ya kofia pana ya babake aliyoivaa mahali pa helmeti. Tangu mazishi, Kisilu akifika pale penye maji alizima mashine na kumalizia kwa mdomo: steringi amemnywesha farasi, amepanda, amekwenda zake kwa mama yake, na mama amepika muthokoi. Basi. Mwaka wa kwanza watu waliinuka kimya wakaenda makwao. Mwaka wa pili wakaanza kunung'unika.

"Mzee, watu wanataka mwisho," Rodgers alimwambia Jumapili moja, kabla watu hawajatoka kanisani.

"Mwisho niko nao. Naupeana kila wiki."

"Huo wa muthokoi? Aiee, Mzee. Wanataka ile ya kulia. Leo picha inaisha yote. Kama huwezi, Antony atashika maiki."

Antony alikuwa fundi wa simu wa mlango wa pili, mtu wa miaka thelathini aliyemwiga Kisilu hadi kikohozi chake.

"Basi ashike," Kisilu akasema.

Angeweza kwenda nyumbani wakati huo. Mkewe Munyiva hakuwa amekanyaga kibanda hicho tangu msiba, na alikuwa amemwambia si mara moja, "Baba Mulwa, achana na hiyo picha." Lakini Kisilu hakuweza kumwacha kijana wake, yule wa kwenye picha, peke yake na watu wale. Akaenda kuketi benchi la nyuma.

Kusema kweli Antony hakusimulia vibaya. Alijua wapi pa kunyamaza na wapi pa kupandisha sauti. Ila alipofika penye maji, akaona nyuso zimemkodolea macho, tamaa ya kuchekesha ikamshika.

"Sasa steringi wetu amepeleka nduthi ya boda kuoshwa," akasema. Watu wakaanza kugeuka kumtazama Kisilu, kisha wakageuka tena upesi. "Ako hapa Kinanie, hana helmeti, ako na kofia ya babake. Asi! Steringi, angalia nyuma!"

Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Na hawakuwa watu wabaya kuliko watu wa mahali pengine, hilo ndilo linalochukiza. Wengine walibeba jeneza la Mulwa kwa mabega yao. Bartholomew, aliyelichimba kaburi lenyewe na kukataa hata chai, alicheka hadi akajifuta machozi kwa tai ya kanisani.

Kisilu aliona aibu, kisha aibu ikawa hasira. Hakuwaza kuzima mashine. Aliwaza jambo moja tu, kwamba mwanawe hatakufa akichekwa. Akapenya katikati ya mabenchi, akamnyang'anya Antony maikrofoni.

"Huyu ni mtoto wa mtu," akasema. Kicheko kikakatika. "Angekuwa amefika nyumbani, lakini ameona farasi amechoka, akasema kwanza anywe. Mama yake amemwekea chakula. Hasikii kitu, maji yana kelele. Na adui ako hapo nyuma, hana hata ujasiri wa kumwita kwa jina."

Risasi ikalia.

"Ameenda chini na magoti. Mnaona mkono? Anatafuta kofia. Bado hajaelewa, anafikiria ameangusha kofia tu. Wacha, mwanangu. Wacha kofia. Nitakutafutia mimi."

Kibanda kizima kililia, na Bartholomew safari hii alilia kwelikweli, ameinamisha uso magotini. Kisilu akateremsha maikrofoni. Moyo ulimuuma sana, lakini aliona amefanya lililompasa: amemzika mwanawe mara ya pili, na amemzika kwa heshima.

"Rudisha!" mwanamke mmoja akaita kutoka katikati. Alikuwa anajifuta macho kwa leso, na alikuwa anatabasamu. "Rodgers, rudisha hapo kwa kofia!"

"Rudisha! Rudisha!" Miguu ikaanza kupiga sakafu.

Antony akamvutia mzee kiti, kwa adabu ya kweli, akamwambia, "Kaa, Mzee. Hakuna mwenye anaweza hiyo kama wewe."

Rodgers akabonyeza rimoti. Steringi akainuka kinyumenyume kutoka mavumbini, kofia ikamrudia kichwani, akasimama penye maji na mgongo wake mzima. Kisilu akamwona yuko hai, na kwa kitambo kidogo akafurahi, Mungu amsamehe, akafurahi kabisa. Kisha picha ikaanza kwenda mbele, na watu wote wakanyamaza wakimngoja aseme.