Kete Iliyohama

Kinyozi hakuwa mtu wa kushindwa akanyamaza. Akifungwa drafti, mtaa mzima utajua kwa nini: kiti kibovu, redio inapiga kelele, mteja anaharakisha. Lakini siku hizi alikuwa na sababu mpya, na hii aliiamini mwenyewe. Shemeji yake, Fundi Saa, mume wa mdogo wake, alikuwa anamwibia mchezoni.

Ingekuwaje vinginevyo? Mtu anaketi, anacheza kidogo, anasimama. "Shemeji, naja sasa hivi." Anarudi, anakula kete mbili kwa mpigo. Kabla kiti hakijapata joto, huyo, ametoka tena!

"Kuna mtu huko nyuma anamfundisha," Kinyozi alimwambia mteja mwenye povu shavuni. Mteja hakubisha. Nani abishe na wembe uko shingoni?

Basi siku hiyo Fundi Saa alipotoka, Kinyozi akanyata nyuma yake, akachungulia uani. Mwalimu wa drafti hakuwepo, wala kivuli chake. Fundi Saa alitoka chooni, akainamia bomba, akanywa maji kama aliyelishwa chumvi. Akajifuta mdomo, akapiga hatua kurudi, akasita, akasonya, akaingia tena chooni.

Kinyozi alitaka kucheka, kicheko kikamkwama. Kwa kuwa alikuja kuchunguza, sasa akachunguza kweli. Suruali ya shemeji ilikuwa imekunjamana chini ya mkanda kama ya kuazima. Na juzi si alilalamika kwamba skrubu za saa siku hizi zinatengenezwa ndogo mno? Watu walicheka sana. Na huku kusinzia mchana kumeanza lini?

Kaka mkubwa wa Kinyozi alianza hivi hivi. Kiu, wakasema ni joto. Kukonda, wakasema ni mawazo. Kisukari kilipokuja kujulikana, maji yalikuwa yameshazidi unga. Kinyozi alimzika huku amejikasirikia, na hasira ile haijaisha mpaka leo.

"Kesho twende ukapime sukari," Kinyozi alimwambia shemeji yake aliporudi mezani.

"Mimi? Chai yangu kijiko kimoja tu. Kisukari kitokee wapi?"

"Hakihesabu vijiko, shemeji."

"Loo! Drafti imekushinda, sasa umekuwa daktari?"

Kumbembeleza ilikuwa kazi bure, Kinyozi alilijua hilo. Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo Fundi Saa hajawahi kulivunja, nalo ni ahadi ya kwenye drafti.

"Haya. Mchezo mmoja. Nikishinda, kesho zahanati. Ukishinda, nakunyoa bure mpaka uote mvi."

"Noa wembe," alisema Fundi Saa.

Kinyozi alicheza kwa akili zake zote, na akili zake zote hazikutosha. Kete zake ziliondoka moja moja, na kila iliyoondoka alimwona mdogo wake akibaki mjane. Aliogopa, si mchezo.

"Naja sasa hivi," alisema Fundi Saa, akatoka.

Kinyozi akabaki peke yake na ubao. Tangu aanze kucheza alikuwa ameshindwa kwa kila namna, ila kuiba hakuwahi. Akatazama mlangoni. Kisha akaisogeza kete moja ya shemeji, akaficha mikono yake chini ya meza.

Fundi Saa alirudi, akausogelea ubao mpaka pua ikakaribia kuugusa, akakunja uso kwa muda mrefu. Halafu akacheza. Kinyozi akala kete tatu, na mchezo ukaisha. Kwa mara ya kwanza hakushangilia.

"Kesho basi," alisema Fundi Saa. Hakubisha hata kidogo.

Kesho yake zahanati, muuguzi alimchoma kidole, akasoma kipimo, akapima tena kuhakikisha. Sukari ilikuwa juu. "Lakini mmewahi," alisema. "Ukifuata dawa na chakula, hata hayo macho yatapata nafuu." Kinyozi alishusha pumzi kwa kishindo, wagonjwa wakageuka kumtazama.

Walipoketi nje kwenye benchi, Fundi Saa akasema polepole, "Ile kete mimi niliiacha pembeni."

Kinyozi akamgeukia. "Kumbe uliona?"

"Nione wapi, na ukungu huu? Drafti naicheza kichwani."

"Sasa mbona hukusema?"

Fundi Saa akakitazama kidole chake chenye pamba. "Miaka yote hii unafungwa na huibi. Nikajua, shemeji akiiba leo, basi ameogopa kweli. Na mimi nikaogopa."