Bakteria Weupe wa Profesa

Watu wa taasisi husema nina roho mbaya. Sawa, ninayo. Wangefanyiwa nilivyofanyiwa mimi, tungekutana kwenye foleni ya roho mbaya.

Mama yangu aliacha nafasi ukutani, kati ya picha ya harusi yake na kalenda, akaweka na gundi tayari, akingoja gazeti litakalotoa jina langu. Gazeti likatoka kweli. Likatoa picha ya Profesa, mkuu wa maabara yetu, meno yote nje, akieleza jinsi alivyogundua jeni inayowafanya bakteria wa mfereji wa hospitali wastahimili dawa. Jina langu halikuwemo hata kwenye shukrani. Mama akalisoma mara mbili, akalikunja. "Mwanangu, si ulisema ni kazi yako?" Siku hiyo nikaapa kulipiza.

Maana jeni ile niliitafuta mimi. Miaka minne ya kuotesha bakteria kwenye visahani, nikiwa na mimba na baada ya mimba, vidole vikinuka dawa ya kuulia vijidudu hata mtoto akakataa kubebwa. Profesa kazi yake ilikuwa kupita mlangoni na kikombe cha chai. "Binti yangu, tunaendeleaje?" Tunaendeleaje! Mtu ambaye hajashika kisahani tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Nilimfuata ofisini na lile gazeti. Akaniambia kwa uso mkavu, "Usiwe na haraka, binti yangu. Wakati wako utakuja." Nikasema, "Ahsante, Baba." Nikatabasamu na kutoka. Nilikuwa msaidizi wa mkataba; ningefungua mdomo, kesho yake ningekuwa nje ya geti. Na zaidi ya hapo, nilitaka apande kwanza, ili akianguka aumie.

Silaha nilikuwa nayo. Kwetu maabara kila mtu huwatia bakteria wake alama, maana visahani vinafanana na kalamu hufutika. Bakteria hawa kwa asili ni wekundu kama nyanya iliyoiva. Wangu niliwakata jeni ya rangi mwezi wa kwanza tu wa kazi ile, wakawa weupe pe. Nikaandika daftarini, nikatia tarehe na saini, fundi wa maabara akatia yake. Profesa alibeba kichupa changu kutoka kwenye friza, akakikabidhi kwenye hifadhi ya vimelea, ghala la sampuli za utafiti, kwa jina lake, akaandika: wametoka mferejini moja kwa moja, hawajaguswa na mtu. Hakuwaotesha hata mara moja. Angewaotesha, angewaona.

Nikangoja miaka saba.

Mwaka huu akapendekezwa kuwa mkurugenzi wa taasisi. Kikao kilikuwa saa nne asubuhi, ukumbi umejaa, mwenyekiti wa bodi mbele. Wafanyakazi tukaruhusiwa kuuliza maswali. Nikasimama.

"Profesa, wale bakteria wako maarufu wakioteshwa huwa na rangi gani?"

Akacheka. "Binti yangu, hilo ni swali la mwaka wa kwanza. Wekundu, bila shaka."

Nikaenda mbele, nikaweka mezani kisahani kilichofungwa vizuri. "Hawa nimewaagiza kutoka hifadhini. Kichupa chako, saini yako." Walikuwa weupe kama maziwa. Watu wakainuka vitini kuchungulia.

Profesa akakisogelea kisahani. "Watakuwa wamepauka. Si wamekaa friza miaka mingi?"

"Kupauka hakukati jeni, Baba. Nimepima. Jeni ya rangi imekatwa, tena mahali palepale palipoandikwa humu." Nikafungua daftari mbele ya mwenyekiti, kwenye ukurasa wenye saini mbili. Fundi wa maabara, mzee wa watu, akasimama kule nyuma bila kuitwa. "Hiyo ya pili ni yangu," akasema.

Profesa akanigeukia, amesahau kipaza sauti kiko wazi, akasema kwa uchungu wa mtu aliyeonewa:

"Sasa mbona hukuniambia kuwa uliwatoa rangi?"

Mwenyekiti akavua miwani yake taratibu. "Nani aliwatoa rangi, Profesa?"

Nilimtazama anavyonywea kitini, na sitadanganya, nilifurahi. Kisha nikatoka varandani nikampigia mama.

"Mama," nikamwambia, "ile gundi bado haijakauka?"